Mtafsiri Hakatizwi

Mbaraka tulimzika Alhamisi, na mvua ikanyesha kwa mtindo wake wa hapa, mvua isiyo na nguvu wala haya, inayokulowanisha huku unadhani haijaanza. Wanawake tulisimama mbali kidogo na kaburi. Viatu vyangu vilikuwa vimeingia tope, magoti yananiuma, na nikajikuta nafikiria jambo lisilostahili mahali pale: kwamba sasa hakuna tena mtu wa kunisimulia Kituo. Niseme mapema, asije mtu akadhani nazungumzia kituo cha basi. Kituo ni tamthilia ya televisheni, ya zamani sasa. Ni habari za watu wanaoishi kwenye chombo kikubwa kinachozunguka huko angani katikati ya nyota, hawana ardhi, hawana mvua, hata hewa ya kuvuta inatengenezwa kwa mashine. Ilikuwa na jina lake la Kiingereza, refu, sisi tukaiita Kituo basi. Kwa miaka thelathini na ushei nimebeba moyoni sehemu moja ya tamthilia hiyo kama wengine wanavyobeba aya ya Biblia. Mama yangu alikufa nikiwa nchi hii, sikwenda kumzika, na sikujua kama alikufa akiwa radhi nami. Kituo ndicho kilichonijibu. Ndivyo nilivyoamini mpaka Jumapili iliyopita.

Ya ukoo wangu sitayasema. Kila anayeandika maisha yake huanza na babu yake, na babu yangu hakunisaidia kusugua hata choo kimoja. Mimi niliishia darasa la nne. Nasema hivyo bila kuona haya, maana leo kuna magari manne barabarani yenye jina langu ubavuni, Wakesho kwa herufi kubwa, na wanaonijazia fomu zangu ni watu wa digrii. Ninaloandika hapa ni mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza Birmingham, nilipokuwa nakaribia thelathini, sina Kiingereza zaidi ya "sorry" na "finished", na nimepanga chumba Northfield, nyuma ya maduka, kwa mzee mmoja Singasinga aliyeitwa Harbans.

Mzee Harbans alizaliwa Kisumu na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, "iko" kila mahali, lakini hakuna aliyemshinda kuzungumza. Mke wake alikuwa amefariki. Chumba chake cha mbele alikiacha vile vile mama huyo alivyokipanga: kochi limefunikwa nailoni inayokung'ang'ania mapajani ukivaa gauni fupi, hita ya gesi yenye vijiti vitatu na kimoja kimekufa, picha za watakatifu wao ukutani, na chini yake televisheni kubwa kama kabati na mashine ya kurekodia video. Chumba kilinuka vitunguu vilivyokaangwa tangu enzi. Ghorofani tulikuwa watatu. Mimi chumba cha nyuma, kinachotazama mapipa. Chumba cha mbele alikaa Nereah, muuguzi, Mjaluo wa huko huko Kisumu, ndiyo sababu Mzee alimpa chumba chenye jua. Na kile chumba kidogo juu ya ngazi, ambacho mimi nafikiri kilijengwa kuwa kabati, alilala Mbaraka.

Mbaraka alikuwa Mtanzania wa Morogoro, mwembamba, na alisukuma vitanda vya wagonjwa kwenye hospitali kubwa ya upande wa Harborne. Lakini hiyo haikuwa kazi yake, alisema, hiyo ilikuwa ajira yake. Kazi yake aliiacha kwao. Kwao alikuwa mtafsiri wa sinema katika banda la video. Asiyewahi kuingia banda la video nitamweleza: watu wamejazana kwenye mabenchi, sinema ni ya Kichina au ya Kihindi au ya Kizungu, na mbele anakaa mtu mmoja anayewageuzia maneno yote kwa Kiswahili hapo hapo, sauti ya jambazi yeye, sauti ya bibi harusi yeye, mlio wa bunduki yeye. Picha ikinyamaza, yeye hanyamazi. Mtafsiri akinyamaza watu hudhani banda limekatikiwa umeme. Na sheria ya banda ilikuwa moja tu, Mbaraka aliileta nayo mpaka Northfield bila kuipunguza: mtafsiri hakatizwi. Hata akikosea. Ukimkatiza, unatoka nje.

Kituo kilionyeshwa katikati ya wiki wakati sisi wapangaji tuko kazini, kwa hiyo Mzee alikirekodi, na Jumamosi mchana tukakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yetu. Mzee alipika chapati na dengu, na hakutaka mtu amsaidie. Nereah alileta ugali, ugali wa semolina, maana unga wa mahindi siku hizo ungeutafuta Northfield mpaka uzeeke, na mboga za majani alizozikata nyembamba sana akijidanganya kuwa ni sukuma wiki. Mimi nilileta chochote nilichopewa ofisini nilikofagia, mara nyingi biskuti. Tulikula kwa mkono, sahani magotini. Mbaraka alikula haraka kuliko sote, akaosha mikono, akavuta kigoda chake kando ya televisheni, akapunguza sauti ya Kiingereza mpaka ikawa mnong'ono wa nzi, akakohoa mara moja. "Mabibi na mabwana wa Northfield," anasema, "tulipoishia wiki jana, Mangi alikuwa amekamatwa na mzigo."

Mangi alikuwa mfanyabiashara mmoja kwenye Kituo mwenye matamvua shingoni kama ya samaki. Mbaraka ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu kwao mwenye duka ni Mangi. Wote aliwabatiza. Mkuu wa Kituo alikuwa Chifu. Daktari mwenye ngozi ya buluu alikuwa Daktari Wino. Na fundi wa mashine ya hewa, mwanamke mfupi asiyecheka, mikono imejaa mafuta siku zote, aliitwa Fundi Halima. Huyo nilimpenda tangu siku ya kwanza. Hakusema sana na alifanya kazi.

Nilijua Mbaraka anatia chumvi. Mangi akifungua kinywa mara moja, Mbaraka anamtolea hotuba nzima: "Chifu, hii mali ni halali, imetoka Kariakoo asubuhi hii, nusa mwenyewe!" Nereah anacheka mpaka anashika ubavu. "Wewe Mbaraka, hajasema hivyo!" "Sista, unakatiza?" "Sikatizi." "Basi kula mboga zako." Nereah alijua Kiingereza, alikisomea. Mzee Harbans alikijua. Mbaraka mwenyewe alikijua kiasi chake. Asiyejua nilikuwa mimi peke yangu, na sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba ile shughuli yote, kigoda, sauti kupunguzwa, ilikuwa ni kwa ajili ya mtu mmoja. Mzee alisema Kituo cha Mbaraka kilikuwa kizuri kuliko cha Wazungu, na nilimwamini, tena naamini alisema kweli.

Tena tulikuwa na desturi nyingine, na hii ilikuwa ya Mzee. Kabla ya mwisho wa kila sehemu alisimamisha picha, na tukafanya baraza. Alishika kile kijiti chake cha kusukumia chapati kama rungu la hakimu, akauliza, "Haya, nani iko kosa?" Kila mtu alitoa hukumu yake kabla ya kuona ilivyoishia. Tuligombana kweli kweli. Kuna wiki Nereah hakunisemesha siku tatu kwa sababu nilisema Daktari Wino ni mwoga. Watu wazima, waliochoka, wanagombana juu ya mtu wa buluu. Leo nikikumbuka naona tulikuwa na mengi ya kugombania ambayo hatukuthubutu kuyataja, basi tukayapeleka kule juu.

Mwaka ule pasipoti yangu ilikuwa ofisini kwa watu wa uhamiaji. Nilikuwa nimeomba kibali, na mwanasheria aliniambia kupitia kwa Nereah: ukitoka nje ya nchi hii, ombi limekufa, na mlango umejifunga nyuma yako. Nilimwelewa. Mama alianza kuumwa mwezi ule majani ya miti yanapoanza kuanguka. Nilizungumza naye mara moja tu, yeye kwa simu ya duka, mimi kwenye simu ya ukutani ya Mzee pale koridoni, nimeziba sikio moja. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno matamu. Hakuwahi kunibusu tangu niote meno. Sauti yake ilikuja ndogo, imekauka, na aliuliza swali lile lile alilouliza maisha yake yote kila mtu akiingia mlangoni. "Umekula?" Nikasema nimekula. "Umekula nini?" Nikaanza kueleza habari ya semolina, simu ikakatika. Wiki tatu baadaye, Jumanne, Nereah aliipokea simu nikiwa kazini, ni mjomba. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye ngazi bado amevaa sare yake, na sikumpa nafasi ya kuongea. Nilimwangalia nikajua. Nikamwambia, "Usimwambie mtu." Akasema, "Sawa." Kesho yake nikaamka kama kawaida nikaenda nikasugua vyoo vya ofisi ya bima, ghorofa sita, na msimamizi akanisifu.

Sikulia. Sikuomba siku ya mapumziko. Nilijiambia nikienda, nimepoteza kila kitu na mama ameshazikwa, na nikibaki, angalau mmoja wetu atapata maisha. Maneno hayo yalikuwa na akili. Lakini usingizini nilikuwa nasikia simu inalia na siwezi kufika. Kwetu mtoto asiyemzika mama yake watu hawamsemi kwa sauti, wanamwangalia tu, na baraka yake inakuwa kama maji kwenye ungo. Hilo ndilo lililokuwa linanila. Kukosa maziko peke yake ningevumilia. Nilikuwa sijui kama nina radhi zake, na aliyekuwa na jibu alikuwa chini ya udongo.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, Mzee akaweka kanda. Na mambo ya Kituo siku ile, nikiyakumbuka, bado yananisimamisha nywele. Fundi Halima analetewa habari kwamba mama yake, huko kwenye sayari ya kwao, yuko kitandani hainuki. Kuna chombo kimoja kinaondoka, kisha njia itafungwa na dhoruba ya mawe mwaka mzima. Akipanda, harudi. Na mashine ya hewa ina hitilafu ambayo hakuna anayeielewa isipokuwa yeye. Tukamwona amesimama mlangoni kwa chombo, begi mkononi. Mbaraka alikuwa akitafsiri polepole, bila utani wowote, hata Mangi alipopita hakumpa neno. Halima akaweka begi chini. Mlango wa chombo ukafungwa. Akarudi kwenye mashine yake.

Mzee akasimamisha picha. Kijiti alikuwa nacho mkononi, lakini hakuuliza swali lake. Halafu mimi, ambaye kawaida nangoja wengine waanze, nikaanza.

"Amekosa," nikasema.

"Wakesho," Nereah akasema taratibu, "angeondoka watu wote mle ndani wangekosa hewa."

"Mafundi wapo."

"Amesema hakuna mwingine anayeijua hiyo mashine."

"Angemfundisha mtu! Fundi wapo wengi, mama ni mmoja. Ameona mlango uko wazi, na begi anayo, na miguu anayo! Amejipenda tu. Amependa kazi yake. Huyo hana radhi, hana, mpaka anaingia kaburini hana, na akizaa watoto nao hawatakuwa nazo!"

Nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimama saa ngapi. Chapati ilikuwa imeanguka kwenye zulia. Mzee Harbans aliinama akaiokota, akaipangusa, akaiweka kando ya sahani yangu, na akasema bila kunitazama, "Mimi iko hapa, baba yangu yeye iko Kisumu, walichoma yeye mimi sikuona moto." Nereah alikuwa anatazama mikono yake. Wakati ule nilidhani ni mimi niliyewatia aibu kwa kupiga kelele juu ya mchezo wa televisheni. Sikufikiri hata kidogo kwamba nyumba ile ina kuta za karatasi na kwamba mtu akiota anaita mama, wa chumba cha pili anasikia.

"Tuendelee," Mbaraka akasema. Akasogeza kigoda. Picha ikaanza.

Ujumbe wa mwisho wa mama yake ulifika Kituoni baada ya dhoruba kupita. Halima amekaa peke yake mbele ya kioo, na kwenye kioo kuna uso wa mama mzee amelala, picha inakatikakatika, midomo inacheza. Mbaraka alikohoa. Kisha akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, wala sikuisikia tena baada ya hapo. Haikuwa ya kuigiza bibi. Ilikuwa ni yake mwenyewe ila imeshuka chini. Akasema:

"Mwanangu, nakuona. Usidhani sikuoni kwa kuwa uko mbali. Sikukuzaa uje unililie, nilikuzaa ufanye kazi, na kazi iliyo mkononi mwako ndiyo maziko yangu. Kila koleo ya udongo umetia. Radhi zangu unazo zote, za ulikotoka na za unakokwenda. Sasa futa uso, funga huo mlango, watu wanataka kupumua."

Halima kwenye picha aliinuka, akafuta uso kwa mkono wenye mafuta, akachukua spana yake. Mwisho. Majina yakaanza kupanda. Mimi nilikwenda juu, nikafungua bomba la bafuni mpaka mwisho, nikalia mpaka nikatapika dengu. Niliposhuka walikuwa wameosha vyombo, chai iko mezani, na wanabishana kama Mangi ana meno au hana.

Kila nilichofanya maishani nilikifanya baada ya siku ile. Wiki iliyofuata nilimwambia msimamizi sikubali tena ghorofa sita peke yangu. Mwaka haujaisha nilikuwa na nyumba tatu za kusafisha Harborne, zangu, sijapewa na mtu, natembea na ndoo yangu kwenye basi na watu wananitazama na mimi nawatazama. Kibali kilipotoka nilikwenda kwetu, nikasimama kwenye kaburi lililoota majani, na shangazi zangu wakaniangalia vile nilivyojua wataniangalia, na sikutetemeka. Nilikuwa nimeshasamehewa. Kila koleo ya udongo nilikuwa nimetia. Wafanyakazi wangu wakifiwa huko makwao nao wamefungwa hapa kama nilivyofungwa, nawaita ofisini, nawaambia kazi iliyo mkononi mwako ndiyo maziko yake. Niliwahi kusema hayo hata kanisani, mbele ya kipaza sauti, nikasema, "Kuna mama mmoja alimwambia mwanawe," na watu wakaandika kwenye vitabu vyao. Nereah alikuwepo siku hiyo, kiti cha mbele, alikuja kama mgeni wangu. Alipiga makofi.

Basi Jumapili iliyopita walikuja kwangu Great Barr, Nereah na Saumu. Saumu ni binti wa Mbaraka, mwalimu, amezaliwa hapa. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Nitamwandika kwa Kiswahili, anisamehe. Alikuwa amekonda. Baba yake alipozidiwa yeye alikuwa Skotlandi na wanafunzi wake, wakamwambia hali si mbaya, malizia safari, na alipofika hospitali godoro lilikuwa limeshavuliwa shuka. "Saa mbili, Shangazi," alisema tena pale mlangoni kwangu, kama alivyosema makaburini, kama alivyosema kwenye simu. "Nimemkosa kwa saa mbili tu." Nilimvua koti.

Nereah ana miaka yake sasa, anatembea na fimbo, lakini bado analeta chakula kama vile mimi sina jiko. Tulikaa sebuleni. Barabara kuu inavuma nyuma ya nyumba yangu usiku na mchana, nimeshazoea, wageni ndio husema hawasikilizani. Saumu akasema baba yake katika wiki za mwisho alikuwa anaangalia Kituo kwenye simu, kumbe kipo kwenye intaneti chote, na anasogeza midomo. Akauliza kama tunataka kuona. Nikamwambia nataka ile ya Fundi Halima na mama yake. Nereah akasema, "Tuangalie nyingine, zile za Mangi." Nikasema hapana, hiyo. Nyumba ni yangu na televisheni ni yangu.

Safari hii nilisikiliza Kiingereza. Sasa ninakijua, nimefukuza watu kazini kwa Kiingereza. Halima haitwi Halima, sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyodhani, na Chifu anaongea kama mtu mwenye mafua. Lakini begi ni lile lile, na mlango ni ule ule. Nikajiweka sawa kwenye kiti, maana inakuja. Uso wa mama ukatokea kwenye kioo. Akasema, kwa Kiingereza, "Nani yuko hapo? Fungueni dirisha." Kisha picha ikakatika kidogo, midomo ikawa inacheza, na hakuna sauti. Mvumo tu, kama wa friji. Nikangoja. Midomo inacheza.

"Saumu, ongeza sauti."

Akaongeza. Mvumo ukawa mkubwa.

"Imeharibika."

"Haijaharibika, Shangazi. Ndivyo ilivyo. Mawasiliano yamekatika, hasikii mama yake amesema nini. Ndiyo maana ya sehemu hii, hatajua kamwe."

Halima akainuka, akafuta uso, akachukua spana. Nikamgeukia Nereah. Alikuwa anatazama mikono yake, vile vile.

"Ulijua."

"Tulijua wote," akasema. "Mzee pia."

"Miaka yote hii. Nimesimama kanisani, wewe unanipigia makofi."

"Wakesho, ungetaka nifanye nini?"

"Ungeniambia!"

"Mtafsiri hakatizwi," akasema Nereah, na hakuwa anatania.

Nilikasirika, nisifiche. Mimi si mtu wa kuhurumiwa, sijaomba kuhurumiwa na mtu tangu niingie nchi hii, na hapa nagundua kwamba watu watatu walikaa kwenye makochi ya nailoni wakanihurumia, na nyumba yangu yote nimeijenga juu ya huruma yao. Nilijua Mbaraka anatia chumvi. Sikujua kwamba siku ile hata mboga yenyewe ilikuwa yake. Na kilichonichoma zaidi ni hiki: ningejua mwenyewe, kama ningetaka kujua. Mama yangu hakuongea vile. Hakuna mama yeyote wa kwetu anayeongea vile, yale yalikuwa maneno ya mtu wa banda la video anayejaza kimya. Nilichagua kutosikia. Nikakaa pale nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka kwa ndoo na mifagio, nikijiuliza kama radhi hutolewa na asiye mwenyewe, na kama nimekuwa nikitembea mtupu miaka yote nikidhani nimevaa.

Nilikuwa nimemsahau Saumu. Alikuwa na rimoti ya televisheni mkononi, anatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwani baba alisema nini hapo?" akauliza. Na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Nereah alifungua kinywa. Nikainua mkono, akafunga. Nikamwambia Saumu arudishe picha nyuma, mpaka kwenye uso, na apunguze sauti. Kisha nikainuka, magoti yakalia, nikavuta stuli ndogo ya miguu nikaiweka kando ya televisheni, nikakaa nimeipa picha bega kama alivyokaa yeye. Nilijisikia mjinga. Nikakohoa mara moja. Midomo ya yule mama ikaanza kucheza, na mimi nikamtazama Saumu, si picha, nikasema, kwa sauti yangu ila nimeishusha chini, neno kwa neno, maana silisahau hata moja: mwanangu, nakuona. Usidhani sikuoni kwa kuwa uko mbali. Nikayamaliza yote, udongo, radhi, mlango, kupumua. Hakuna aliyenikatiza. Yalikuwa maneno ya baba yake tangu mwanzo, sikuwa na haki ya kukaa nayo zaidi.

Saumu alilia kama baba yake alivyokuwa akicheka, mabega yanapanda na kushuka bila sauti. Nereah akamsogelea na fimbo yake na yote. Mimi nikabaki kwenye stuli. Majina yalikuwa yanapanda nyuma yangu. Nikamfikiria mama yangu, kwa mara ya kwanza bila yale maneno mbele yake, sauti ndogo imekauka kwenye simu ya duka, na nikatambua kuwa ujumbe wake niliupata. Ulikuja mzima, kabla simu haijakatika, na nilikuwa nimeuacha pale koridoni.

Nikasimama, nikaenda jikoni kuwasha jiko. Nikarudi mlangoni nikamtazama yule binti.

"Umekula?" nikamwuliza.